Daraja la biashara kwa safari ndefu: kiti kipi kitakupa usingizi?

Kwa safari ya saa 10 na kuendelea, tiketi ya daraja la biashara inaweza kufika mara tatu au nne ya bei ya daraja la kawaida. Ukitoa pesa hizo utapokewa kwa jina lako, utaletewa taulo la moto na glasi ya kinywaji baridi, na utakula kwenye sahani ya kaure juu ya kitambaa cheupe. Hayo yote nayapenda, ila yanakwisha ndani ya saa mbili za mwanzo. Muda unaobaki ni wewe na kiti. Kikilala sawasawa, ukaweza kujigeuza bila kugonga goti, utashuka ukiwa na nguvu za kufanya kilichokupeleka. Kisipolala, umelipia kitanda ukapewa kochi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza shirika gani ni bora, na mimi huwa namuuliza: ndege gani, viti vimepangwaje, na inaondoka saa ngapi? Shirika moja linaweza kukuuzia kwa nauli ileile vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Chukua Emirates. Kwenye Airbus A380 yao daraja la biashara liko ghorofa ya juu, viti vimepangwa 1-2-1 (kimoja kila upande wa dirisha, viwili katikati), kila abiria anatoka kwenye kiti chake bila kumruka mtu, na nyuma kabisa kuna baa ambako unaweza kusimama unyooshe mgongo. Sasa panda Boeing 777 yao ambayo bado haijakarabatiwa: 2-3-2. Yaani kuna mtu amelipia daraja la biashara na amekaa katikati ya watu wawili. Zile 777 zilizokwisha kukarabatiwa zimepewa 1-2-1, kwa hiyo hata ukiambiwa "ni 777 ya Emirates" bado hujajua unachonunua mpaka ufungue ramani ya viti. Turkish Airlines ni vivyo hivyo: 777 zao ni 2-3-2, ilhali 787-9 na A350 ni 1-2-1. Na Qatar Airways, ambao watu husifu kwa Qsuite, kiti chao chenye kuta na mlango, hawana Qsuite kwenye 787-8. Ukikata tiketi kwa kusikia sifa, unaweza kupanda ndege sahihi ya shirika sahihi ukakuta kiti kingine kabisa.

2-2-2 na 1-2-1

Tarakimu hizi zinahesabu viti kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia, na kila kistari ni njia ya kupita. Kwenye 1-2-1 kila kiti kinagusa njia. Kwenye 2-2-2, ambao utaukuta kwa mfano kwenye 787 za Ethiopian Airlines, aliyeko dirishani amefungiwa na jirani yake. Mchana hilo si tatizo. Usiku ni habari nyingine.

Nakumbuka safari moja ya usiku. Nilikuwa dirishani, na jirani yangu alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Taa zilipozimwa alishusha kiti chake kikawa kitanda, na miguu yake ikaziba ule uwazi mdogo uliobaki kati ya kitanda na mgongo wa kiti cha mbele. Saa 8 usiku nikabanwa na haja. Nilivumilia kama nusu saa hivi, kwa sababu kumwamsha mtu mzima aliyeshikwa na usingizi si jambo jepesi. Mwishowe nikashika ukingo wa kiti cha mbele, nikainua mguu wa kwanza kupita juu ya magoti yake, soksi ikateleza, na kiganja changu kikamtua begani. "Samahani sana, mzee." "Pita mwanangu, pita," akasema, akakunja miguu. Kurudi ilikuwa hivyo hivyo. Tangu hapo mpaka alfajiri nilimsikia akijigeuza, na mimi sikulala tena.

Kwa hiyo kama unasafiri peke yako na ndege inaruka usiku, 1-2-1 inashinda 2-2-2 bila mjadala, na ningekubali kuongeza pesa kwa ajili hiyo. Lakini kama mnasafiri wawili mnaojuana, mizani inabadilika. Mke na mume, au mama na mtoto wa miaka mitano, watafurahia 2-2-2 kuliko vyumba vya kisasa vyenye kuta. Mtoto unamfikia kwa mkono, unamfunika blanketi, unamkatia nyama. Nimewahi kumwona mama kwenye kiti cha 1-2-1 akisimama kila baada ya dakika kumi kuchungulia juu ya ukuta kama mwanawe bado amefunga mkanda. Alishuka amechoka kuliko alivyopanda.

Lipo jambo jingine la viti pacha ambalo ramani haikuonyeshi. Kiti cha zamani cha Lufthansa, ambacho bado kipo kwenye ndege zao kadhaa wakati kile kipya cha Allegris kilichoanza 2024 kikiendelea kusambazwa, kinawalaza majirani wawili kwa umbo la herufi V: vichwa vimeachana, miguu inakutana. Ukiwa na ndugu yako hakuna neno. Ukiwa na mtu usiyemjua, nyayo zenu ziko karibu kuliko mnavyotaka. British Airways nao, ambao mwaka 2000 ndio waliotangulia kuweka kitanda kilicholala kabisa kwenye daraja hili, walipanga viti mmoja akitazama mbele na mwenzake nyuma. Mpaka pazia dogo la katikati lipandishwe, mlikuwa mnatazamana usoni ndege ikiruka, na aliyeko dirishani alilazimika kuruka miguu ya jirani ili atoke. Club Suite, kiti kipya walichokileta 2019, kimeondoa yote hayo, lakini kiti cha zamani kiliendelea kuruka miaka mingi baada ya hapo. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika biashara hii: picha inayotangazwa ni ya kiti kipya, na unachokalia huenda ni cha zamani.

1-2-1 si moja

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wakishaona 1-2-1 wanadhani kazi imekwisha.

Aina ya kwanza ni viti vya kupishana. Safu moja kiti kinabana dirishani na meza iko upande wa njia, safu inayofuata kiti kinabana njiani na meza iko dirishani. Miguu yako inaingia kwenye kisanduku kilicho chini ya meza ya aliye mbele yako. Hicho kisanduku ndicho cha kukichunguza. Kwenye baadhi ya ndege ni kipana na unaweza kulala ubavu ukakunja magoti. Kwenye nyingine ni kijisanduku chembamba ambacho viatu namba 44 vinagusa pande zote mbili, na ukilala chali vidole vinagota kwenye dari yake. Nina urefu wa kawaida tu na bado nimewahi kuamka ganzi imepanda mpaka kwenye mashavu ya miguu. Dawa yake ni safu ya kwanza kabisa, ile inayotazamana na ukuta: pale hakuna meza ya mtu mbele, basi sehemu ya miguu huwa pana. Viti hivyo huwahi kuchukuliwa, na baadhi ya mashirika huvitoza zaidi.

Kwenye mpangilio huu pia, kiti cha herufi A na kiti cha herufi B si kimoja. Kwenye A380 ya Emirates, A na K ndivyo vilivyo dirishani kwelikweli, meza ikikukinga na njia. B na J viko njiani, na kila kigari cha chakula kinachopita kinapita karibu na kiwiko chako. Katikati, E na F vimekaribiana na vinafaa kwa wapenzi, D na G vimeachana. Nauli ni ileile. Mimi kwa B ningelala vibaya na kwa A ningelala vizuri, na tofauti yake ni kubofya mraba mmoja badala ya mwingine siku ya kukata tiketi.

Aina ya pili ni viti vya mshazari vinavyotazama dirishani. Kichwa kiko karibu na njia, miguu inaelekea ukutani kwenye dirisha. Hapa kila kiti ni sawa na mwenzake, hakuna cha bahati na kisicho na bahati, na sehemu ya mabega kwa kawaida ni pana. Hivi ndivyo viti vilivyoko kwenye 787-8 za Qatar Airways, zile zisizo na Qsuite. Havina mlango. Watu huvidharau kwa sababu hiyo, nami naona wanakosea. Kiti kikiwa mshazari kuelekea dirishani humwoni jirani, na jirani hakuoni. Kwa anayelala ubavu, kama mimi, aina hii naipa alama kuliko viti vingi vya kupishana vyenye mlango na kisanduku chembamba.

Aina ya tatu ni vyumba vidogo vyenye mlango, na Qsuite, iliyoanza kuruka 2017, ndiyo iliyofanya mashirika mengine yote yafikirie upya. Safu zake zinapokezana: moja inatazama mbele, moja inatazama nyuma. Vinavyotazama nyuma, A na K, ndivyo vilivyo karibu na dirisha, na jozi ya E na F huungana ikawa kitanda cha watu wawili. Viti vinne vya katikati vikitazamana, kuta zake zikashushwa, familia ya watu wanne inaweza kula pamoja kama iko mezani. Ndege ikiruka umekaa kinyume, unahisi mkanda ukikuvuta tumboni badala ya mgongo kukandamizwa kitini. Mimi hilo halinisumbui. Mwenye kichefuchefu cha safari achague kiti kinachotazama mbele.

Mlango wenyewe una faida gani? Haufiki darini, kwa hiyo sauti hauizuii, na mhudumu akisimama anakuona. Unachozuia ni macho ya wapita njia, na kwa mtu ambaye hawezi kufumba macho akihisi anatazamwa, hilo ni kubwa. Kwangu mimi mlango ni wa tatu, nyuma ya upana wa mabega na nafasi ya miguu.

Nje ya aina hizi kuna kiti cha Singapore Airlines kilichoko kwenye A350 zao za safari ndefu. Ukikaa ni kipana sana, pengine kuliko vyote nilivyotaja. Lakini hakishuki kikawa kitanda kwa kitufe. Unasimama njiani, mhudumu anaukunja mgongo wa kiti mbele, na upande wa pili ndio godoro lenye shuka. Kikishakuwa kitanda huwezi kukiinua nusu ukasoma kitabu, na miguu inakwenda kwa mshazari kwenye kona. Anayependa kulala moja kwa moja atakipenda. Anayelala kidogo, akaamka, akatazama filamu, akajinyoosha tena, atachoka nacho. Na kumbuka kwamba safari yao ya Singapore hadi New York huchukua zaidi ya saa 18, kwa ndege yenye viti 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati, bila daraja la kawaida kabisa. Kwa muda huo, jinsi unavyolala ni swali la kujiuliza kabla ya kulipa.

Ndege yenyewe

Viti viwili vinavyofanana kwenye ndege mbili tofauti havikupi usingizi ule ule. Ndani ya ndege za zamani hewa inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Boeing 787 na Airbus A350, kwa kuwa miili yake ni ya nyuzi za kaboni inayostahimili msukumo zaidi, huishusha ikawa kama ya mita 1,800, na unyevunyevu wa hewa huongezeka kidogo kwa sababu mwili wa namna hiyo hauogopi kutu. Tofauti yake unaihisi asubuhi: koo halikauki sana, macho hayawashi, kichwa hakigongi. A380 nayo ina utulivu wa sauti ambao wasafiri wengi huuzungumzia, na wanasema kweli.

787 ina jambo lake la kujua. Madirisha hayana kifuniko cha kuvuta, yanatiwa giza kwa umeme, na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja. Hata likiwa na giza kabisa, jua kali linaonekana kama duara la buluu. Beba kitambaa cha macho cha kwako, kizito.

Kuruka moja kwa moja au kuunganisha

Hapa nina msimamo mkali. Safari ya moja kwa moja ya saa 14 kwenye kiti cha wastani ni bora kuliko safari mbili za saa 7 kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Hesabu ni rahisi. Kwenye safari ya saa 7, nusu saa inakwenda ndege ikipanda, saa moja na nusu inakwenda kwa chakula, na saa moja na nusu kabla ya kutua taa zinawashwa kwa kifungua kinywa. Zinabaki saa tatu na nusu. Kisha unaamshwa, unashuka saa 10 usiku kwenye uwanja unaong'aa kama mchana, unapita ukaguzi, unasubiri, unaanza upya. Saa 14 mfululizo zinakupa saa 8 au 9 za kulala kama ulivyozoea kitandani kwako.

Kama ni lazima kuunganisha, kwa sababu ya bei au kwa sababu njia nyingine haipo, kula kwenye ukumbi wa mapumziko kabla ya kupanda na umwambie mhudumu mapema usiamshwe. Mashirika yanayoruhusu kula saa unayotaka, Qatar Airways wakiwamo, yana faida kubwa hapa.

Chakula sitakizungumzia sana. Hewa kavu na mngurumo wa injini hupunguza ladha ya chumvi na sukari ulimini, kwa hiyo vyakula vya mchuzi, nyanya na uyoga huvumilia angani kuliko nyama ya kuchoma. Singapore Airlines wanakuruhusu kuagiza chakula kikuu kabla ya siku ya safari, na Turkish Airlines wanapandisha mpishi ndani ya ndege. Vyote viwili ni vizuri. Hakuna hata kimoja ambacho ningekifuata nikaacha kiti.

Nauli mbili za daraja moja

Angalia jina dogo la nauli. Emirates walianza 2019 kuuza tiketi ya biashara ya bei ya chini ambayo haina ruhusa ya ukumbi wa mapumziko wala gari la kukuchukua nyumbani, na Qatar Airways wakafuata na ya kwao. Kiti ni kilekile, chakula ni kilekile. Kwa anayeruka moja kwa moja na anafika uwanjani saa mbili kabla, punguzo hilo ni la kuchukua. Kwa anayesubiri saa 6 katikati ya safari, ukumbi wenye bafu na kochi ni sehemu ya safari, na kuukosa kutamuuma. Zaidi ya yote soma kama nauli hiyo inakuruhusu kuchagua kiti mapema bila malipo. Kama hairuhusu, maneno yote niliyoandika kuhusu A na B hayatakusaidia, kwa sababu utapewa kitakachobaki.

Na kama safari yako ni ya mchana? Basi fikiria daraja la kati, lile lililo baina ya biashara na kawaida. Nafasi kutoka kiti hadi kiti inakaribia mita moja, mgongo unalala vya kutosha kusoma na kusinzia, na bei mara nyingi haifiki nusu ya biashara. Mwenye pesa ya tiketi moja na nusu ya biashara anunue daraja la kati kwa safari ya mchana ya kwenda na biashara kwa safari ya usiku ya kurudi.

Ndege ikibadilishwa

Hili limenipata na bado linaniuma. Nilichagua kiti miezi mitatu kabla, safu ya kwanza, dirishani. Siku mbili kabla ya safari ndege ikabadilishwa, mpangilio ukawa 2-3-2, na pasi yangu ya kupandia ndege ikaja na kiti cha katikati. Nilipolalamika niliambiwa kwamba bado niko daraja la biashara, hivyo hakuna fidia. Na kwa sheria, walikuwa sahihi. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda anayeshushwa daraja: kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inayotoka Ulaya kwenda nje yake, anarudishiwa asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho cha safari, ndani ya siku 7. Lakini haimpi chochote anayebaki daraja lilelile kwenye kiti kibovu.

Tangu siku ile nafungua ramani ya viti mara tatu: nikishalipa, wiki moja kabla, na siku mbili kabla. Ukiona mpangilio umebadilika, piga simu saa hiyohiyo, wala usisubiri uwanjani. Viti vya pembeni bado vipo kwa saa chache hizo, kabla wengine hawajagundua, na anayejibu simu mara nyingi ana uwezo wa kukuhamisha au kukupa ndege ya siku inayofuata bila kukutoza. Mwenzangu wa upande wa pili wa ile safu alipiga. Alikaa dirishani, akajifunika mpaka kichwani kabla hatujafika hata mawinguni, na nilimwona tena wakati wa kifungua kinywa.